Kupinga Amri ya Kusafisha Bunduki kwa Maji ya Sabuni

Gottfried Zaugg,
Kijumba cha Wazee, Shamba la Zaugg,
Oberbächigen.
Jumanne, 14 Mei

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Walenga Shabaha,
Oberbächigen.

KWA POSTA YA REJISTA

Mheshimiwa Mwenyekiti, Bi. Käthi Lüthi-Zaugg,

YAH: KUPINGA AMRI YA CHAMA KUHUSU DAWA ZA KUSAFISHIA BUNDUKI, PAMOJA NA SUALA LA UFUNGUO

Kwa heshima na taadhima naomba nikufikishie malalamiko yangu kwa maandishi. Najua kwamba kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwako ni hatua ishirini na mbili, maana kila mwaka mimi ndiye ninayezifagia theluji. Najua pia kwamba dirisha la jiko lako linatazamana na la kwangu, na hivi ninavyoandika nakuona unamenya viazi. Lakini jambo la chama ni la chama. Nimeamua barua hii ipite njia yake halali: ishuke bondeni kwa basi la posta, igongwe mhuri, iende mjini ikachambuliwe na mashine, irudi huku juu, na Margrit Burri, mleta barua wetu, aje mlangoni kwako akuombe saini. Siku hiyo ukiniona dirishani, tafadhali usinipungie mkono. Nitakuwa mlalamikaji.

Tena ninazo sababu zangu za kuandika badala ya kuja kusema, na sababu hizo hazihusiani na barua hii.

Kwa ajili ya kumbukumbu za chama, nieleze kwanza mimi ni nani. Nimekuwa mtunza silaha wa chama hiki kwa miaka ishirini na tisa. Bunduki nane za chama zimepita mikononi mwangu kila msimu, na ufunguo wa chumba cha kusafishia umekaa mfukoni mwangu miaka yote hiyo. Unaujua ufunguo wenyewe. Umefungwa kipande cha ngozi ya ndama alichokishona marehemu mama yako, kwa sababu nilikuwa naupoteza kila mara. Tangu akishone sijaupoteza hata siku moja. Leo naambiwa niurudishe kabla ya Ijumaa, yaani wiki moja tu kabla ya Shabaha ya Mei, siku ya mashindano ambayo nchi nzima inalala kifudifudi na kulenga mita mia tatu, na mimi nisimame pembeni nikila soseji kama mgeni.

Sikatai kwamba lilitokea jambo. Mimi ni mtu mkweli, kwa hiyo nalieleza mwenyewe kabla halijaelezwa vibaya.

Jumamosi ya kwanza ya mazoezi, mwezi uliopita, Margrit alichukua bunduki namba saba. Nilikuwa nimeisafisha kwa Dawa ya Babu, ile ile ambayo babu yangu Samuel aliisafishia bunduki yake tangu siku alipovaa sare ya jeshi. Nakiri kwamba ile magazini ya plastiki, inayopitisha mwanga ili mtu aone risasi zake zimebaki ngapi, ilikuwa imegeuka nyeupe kidogo. Margrit aliiangalia juani, akasema, "Mzee Zaugg, hii umeiosha au umeipika?" Nikamjibu kwamba nimeisafisha. Akalala kwenye mkeka ajaribu kulenga kwanza bila risasi. Alipoinua kichwa, kitako cha plastiki cha bunduki kikainuka naye. Kilikuwa kimemganda shavuni. Wewe mwenyewe ndiye uliyekibandua taratibu ukimwambia asicheke, na yeye akazidi kucheka. Kisha ukaishika ile magazini uikague, ikapasuka mkononi mwako, na springi yake ikaruka hadi kwenye ndoo ya mchanga.

Ukanigeukia ukasema, "Baba, leo ni shavu. Siku nyingine itakuwa jicho la mtu."

Niliinama kuitafuta springi mchangani. Huku natafuta nilikuwa naandaa jibu, na jibu lenyewe ndilo hili.

Jumatano iliyopita ukaitisha mkutano pale klabuni, na amri ikapita kwa kura ishirini na tatu dhidi ya moja. Sitasema ile moja ilikuwa ya nani. Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Harufu. Amri inasema sehemu zote za plastiki zisafishwe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, na masizi ya baruti kwenye chuma yatolewe kwa dawa iliyoandikwa wazi kwenye kopo kwamba haidhuru plastiki. Umeninunulia kopo hilo, nashukuru. Nimelifungua nikalinusa. Halina harufu yoyote! Mwenyekiti, dawa isiyo na harufu mtu atajuaje kama inafanya kazi? Dawa ya Babu ukifungua chupa, paka anatoka chumbani bila kufukuzwa. Macho yanatiririka machozi, na mtu anajua kabisa kwamba leo amesafisha bunduki. Sasa chumba changu kinanukia limau na maua. Juzi mzee mwenzangu Hämmerli alipita, akachungulia, akauliza kama kuna mtoto mchanga.

Ulisema mkutanoni, tena kwa sauti ya juu, "Petroli, tina ya rangi na asetoni kwenye chumba chenye dirisha dogo kuliko sahani! Baba, nashukuru tu kwamba bado upo." Hilo naomba lisiingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Dirisha lile nililipima. Ni kubwa kuliko sahani.

2. Siri. Amri inasema kwamba dawa yoyote mpya ijaribiwe kwanza kwa tone dogo mahali pasipoonekana, kisha mtu asubiri, atazame, aguse kwa kidole aone kama pananata au pamebadilika rangi. Hapa nimeudhika sana. Maisha yangu yote nimefanya mambo yangu mahali panapoonekana. Babu Samuel alikuwa akiisafisha bunduki yake kwenye benchi mbele ya nyumba, watu wakienda kanisani wanamwona. Leo mjukuu wake aingie chini ya kitako na tone lake, anavizia, utadhani anaiba matunda ya cheri ya jirani? Kama dawa ni nzuri, ipakwe kote. Kama ni mbaya, ipakwe kote pia, ili ukweli ujulikane haraka.

3. Tambara. Eti dawa imiminwe kwenye tambara, isimiminwe kwenye bunduki. Hili sina la kusema, ila sikulipenda lilivyosemwa.

4. Lalamiko hili nimelifuta baada ya kulisoma tena.

5. Kijiko. Ulitoa kijiko cheupe cha plastiki, cha pikiniki, ukakitumbukiza kwenye glasi ya Dawa ya Babu mbele ya wanachama wote, halafu ukamwomba katibu aendelee kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Alipofika ajenda ya tatu, kijiko kilikuwa kimeinama. Alipofika ajenda ya tano, kilikuwa kimelala kabisa, na wanachama hawakumsikiliza tena katibu. Margrit akasema, "Maskini, kimechoka kusubiri chakula." Watu wakapiga meza.

Napinga jaribio hilo kwa nguvu zangu zote. Kijiko si silaha. Hakuna jeshi lolote lililowahi kwenda vitani na kijiko kile. Ni plastiki ya bei ya chini, nyepesi, haina malezi. Plastiki nzuri iliyotengenezwa na fundi mwenye mkono mzuri isingeinama hivyo. Ukumbuke pia kwamba wewe kazi yako ni kutengeneza meno ya bandia, kutwa nzima unashinda na plastiki, na kwa hiyo una upendeleo. Mwamuzi mwenye haki angechukua plastiki bora, ya kuaminika, aijaribu kwa utulivu, peke yake, baada ya chakula cha mchana. Jaribio la namna hiyo limefanyika. Matokeo yake yatawasilishwa kwa wakati wake.

6. Plastiki yenyewe. Tukifika hapa, Mwenyekiti, tunafika kwenye kiini. Watu wote mkutanoni walijadili ni dawa gani inaifaa plastiki. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni plastiki gani inaifaa dawa. Dawa ya Babu ilitangulia. Ilikuwepo kabla ya plastiki kuja hapa kijijini. Bunduki ya babu ilikuwa chuma na mbao ngumu ya mjozi, na Dawa haikuidhuru hata siku moja, isipokuwa mbao ilikuwa ikikauka kidogo, na kupasuka kidogo, na kila baada ya miaka miwili alikuwa akibadilisha kitako. Lakini hakikuwahi kumganda mtu shavuni.

Kwa hiyo ninachodai ni kitu kidogo tu: plastiki ijirekebishe. Na kama haiwezi kujirekebisha, iondoke. Nikishaanza hapo, sioni pa kuishia kwa haki. Ikiondoka kwenye bunduki, iondoke na kwenye viti vya klabu, ambavyo nimevimwagia Dawa mara mbili na vina alama mpaka leo. Iondoke kwenye hereni za ng'ombe zenye namba, maana ng'ombe wetu Flöri namba yake haisomeki tena tangu nilipomfuta sikio kwa Dawa, na mkaguzi wa mifugo alimwandika kama ng'ombe asiyejulikana ingawa alikuwa amesimama mbele yake akimtazama. Iondoke kwenye taa ya pikipiki ya posta. Hiyo pia nilikuwa nasaidia tu.

Nimeshaanza kukusanya saini ili jambo hili lipigiwe kura na nchi nzima, kama sheria inavyoniruhusu. Zinahitajika saini laki moja. Mpaka leo asubuhi ninayo moja, na Hämmerli ameahidi kufikiria.

7. Kuhusu Res. Mumeo Res ni mkwe mwema, na siku nyingine nitaandika barua ya kumsifu. Lakini mkutanoni alinyoosha mkono kabla hujamaliza kusoma swali. Nilipomwuliza nje kwa nini, aliniambia, "Mzee, mimi kule zizini nina orodha ukutani, kila kitu na dawa yake. Mpira wa kukamulia hivi, tangi hivi, sakafu hivi. Nikikosea, kiwandani hawachukui maziwa. Sasa wewe unataka bunduki itunzwe vibaya kuliko ndoo?" Nikamwambia ng'ombe na bunduki ni vitu viwili tofauti. Akasema, "Ndiyo, ng'ombe anaweza kulalamika."

Tangu Ijumaa amekuwa akija mlangoni kwangu kila jioni. "Mzee, kuna nyama ya kuchoma. Mwenyekiti tutamkalisha upande ule mwingine wa meza." Namshukuru. Nyama sijaikubali, wala soseji ya Jumamosi, wala ganda la ule mkate wa kusuka wa Jumapili, ambalo kila mtu anajua nalipenda kuliko mkate wenyewe. Nimekubali supu, uji wa shayiri na mkate uliolowekwa kwenye kahawa ya maziwa. Huu ni msimamo. Mtu anayepinga amri hawezi kutafuna nyama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na Jumamosi ulipogonga ukauliza, "Baba, umeninunia?" niligonga mlango kwa ndani mara mbili, kwa maana ya hapana. Nadhani ulielewa ndiyo. Kisha nikasikia miguu yako kwenye kokoto, inaondoka polepole. Haikuwa ndiyo.

8. Lalamiko hili ndilo kubwa, na ningeliweka la kwanza kama ningekuwa na moyo wa kulianza nalo.

Ulipokuwa na miaka tisa, siku moja kabla ya maonyesho ya ng'ombe, uliamka mapema ili unifurahishe. Ukachukua mipira yote ya mashine ya kukamulia ukaiosha kwa petroli, kwa sababu uliniona mimi naoshea bunduki. Mipira ikavimba. Maziwa ya asubuhi ile yakanuka, tukayamwaga yote, na maonyesho tukayakosa. Ulijificha nyuma ya marobota ya nyasi kavu. Nilikukuta, nikakukalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, wala sikukugombeza. Nilikwambia, "Käthi, mpira haupendi petroli. Siku nyingine soma kopo kwanza, halafu ndipo ushike tambara." Ukaniuliza, "Na kama kopo halina maandishi?" Nikakujibu, "Basi ujue hilo kopo si la kwako."

Mwenyekiti, ulimaliza mkutano wetu kwa maneno hayo. Uliyasema yote, mpaka lile swali lako na jibu langu. Kisha ukasema, "Aliyenifundisha hivyo amekaa pale karibu na jiko." Watu wote wakageuka. Mimi nikaitazama bia yangu.

Iliniuma, mwanangu. Ungeyasema kwa ukali ningejua la kujibu, lakini uliyasema kwa upole, na chupa ya Dawa ya Babu ilikuwa mezani mbele ya kila mtu, chupa kuukuu ya siki isiyo na karatasi hata moja iliyobandikwa.

Sasa narudi kwenye hoja, maana nimetoka nje ya utaratibu.

Kwa kuzingatia yote niliyoyaeleza, naomba chama kiamue yafuatayo:

Kwanza, ufunguo ubaki kwangu. Kama ni lazima urudishwe, basi ubaki kwangu wakati unarudishwa, na kamati iundwe kuchunguza jinsi hilo linavyowezekana.

Pili, orodha yako yenye rangi nyekundu na kijani iliyobandikwa mlangoni, ile inayopiga marufuku petroli, tina, asetoni, dawa ya breki na "michanganyiko yote ya mababu", iondolewe, au angalau neno "mababu" lifutwe. Najua umeandika kwa wingi. Kila mtu anajua ni babu yupi.

Tatu, bunduki namba saba isafishwe na mimi kwa mkono wangu kabla ya Shabaha ya Mei. Magazini mpya imeshafika kutoka ghala la jeshi, nimeiona, iko angavu kama glasi. Nataka Margrit ailalie bila wasiwasi. Mtu akishacheka mbele yako na shavu lake jekundu namna ile, unabaki na deni lake rohoni, hata kama sheria haisemi.

Nne, nikikataliwa hayo yote, nitajitoa na kuanzisha chama changu cha bunduki za chuma na mbao tu. Wanachama waanzilishi ni mimi na Hämmerli. Hämmerli ana miaka tisini na nne na bado sijamwambia.

Nategemea jibu lako katika siku kumi za kazi, au kesho asubuhi ukipita kuchukua mayai, lolote litakalotangulia. Nisalimie Res, mwambie nimesikia kuhusu orodha ya zizini na bado naifikiria. Wasalimie wanachama ishirini na tatu, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kura zao. Msalimie katibu, ambaye hakuna aliyemsikiliza. Msalimie Margrit na shavu lake. Msalimie Flöri, popote alipoandikwa.

Ni mimi mlalamikaji wako, na baba yako,

(saini)
Gottfried Zaugg
Mtunza Silaha wa Chama, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo

N.B. Käthi, barua hii siipeleki posta. Nimevaa koti, nimefika hadi getini, nikarudi. Margrit angeniuliza swali, na mimi siwezi kumjibu. Nimeiweka kwenye kapu la mayai, utaikuta asubuhi pamoja na trei ndogo ya mayai iliyofungwa uzi. Usiifungue mbele ya Res.

Nilisema kwamba jaribio limefanyika na matokeo yatawasilishwa. Haya ndiyo matokeo. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nilitafuta plastiki bora kuliko zote nyumbani mwangu, iliyotengenezwa na fundi ninayemwamini, nikaitia kwenye bakuli la Dawa ya Babu hadi saa kumi. Nilitaka nije nayo mezani jioni, niiweke mbele yako nzima na safi, nikwambie, umeona? Plastiki nzuri haidhuriki. Mkono wa binti yangu haushindwi na petroli.

Ni meno yangu ya juu, Käthi. Yale uliyonitengenezea mwaka aliofariki mama yako. Yamekuwa meupe pale yanapotakiwa kuwa mekundu, yamepasuka katikati, na jino moja la mbele lilitoka na kibanio nilichoyatolea bakulini. Sikukununia. Siwezi kusema neno lenye "s" bila kupiga mluzi, na nilipojaribu kukujibu Jumamosi kwa ndani ya mlango nilijisikia mwenyewe, nikaona aibu, nikagonga.

Chupa ya Dawa nimeipeleka leo kituo cha taka za sumu. Yule bwana wa pale aliinusa akaniuliza ni kitu gani, na kwa kuwa sikuweza kumjibu, nilimwandikia kwenye karatasi: hakina maandishi.

Ufunguo umo ndani ya trei, kwenye tundu la kwanza. Kile kipande cha ngozi usikitoe. Meno yamo kwenye matundu mengine. Orodha yako ya mlangoni iache kama ilivyo, pamoja na mababu, ila kwa chini ongeza meno, kwa rangi nyekundu. Na kama utaona inafaa mimi kusafisha namba saba kwa maji ya sabuni huku wewe umesimama nyuma yangu, nitasafisha, na nitaanza na tone moja, chini ya kitako, mahali pasipoonekana.

Jumamosi ya wiki ijayo mtu lazima asimame nyuma ya mikeka apaze sauti kwamba silaha zote ni tupu na salama. Miaka ishirini na tisa mtu huyo amekuwa mimi, na maneno hayo yamejaa "s" tupu. Sijui kama muda utatosha kutengeneza meno mapya. Ukiyatengeneza upya, ule mwanya mdogo wa mbele, ambao mara ya kwanza uliuacha bila mimi kukuomba kwa sababu ulisema bila huo nisingekuwa Baba, tafadhali uache tena.